Bangili za Mpira

Mchana ule fundi cherehani angepandishwa kizimbani kwa kumuua mwenye nyumba wake, na Inspekta alikuwa hana raha tangu alfajiri. Mshukiwa mwenye hatia humnyima mtu usingizi kwa kukimbia. Huyu alimnyima usingizi kwa kukaa tu mahabusu kwa adabu, akiomba sindano na uzi amshonee askari wa zamu kifungo kilichokuwa kinaning'inia.

"Afande, jalada limekamilika," Koplo alimwambia wakiwa njiani, mikono kwenye usukani. "Shati lake lina oili. Siku moja kabla aligombana na marehemu mtaa mzima ukisikia. Na marehemu alipoanguka, nyumba nzima ilikuwa na yeye peke yake. Sasa tunarudi kutafuta nini?"

"Jana nilimtoa nje nikamfungulia boneti ya gari hili," Inspekta akasema. "Nikamwambia anionyeshe filta ya oili. Unajua alinionyesha nini?"

"Nini?"

"Betri."

Koplo akajizuia kucheka, akashindwa.

"Nikamuuliza, ukiambiwa ubadilishe oili ya gari, utaanza na nini? Akaniambia ataanza kwa kumwita fundi."

"Mtu anaweza kujifanya mjinga, afande."

"Anaweza. Lakini ujinga wa kuigiza huwa na madoido, na wa huyu bwana hauna hata kitufe."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kuzungumza na kesi kama mpishi anavyozungumza na wali: anaionja, anaguna, anafunika. Hii alikuwa ameionja mara nyingi na bado haijaiva. Akaipitia tena kichwani kabla hawajafika.

Marehemu alikuwa dereva mstaafu, na mtaa ulikuwa umemsahau jina, ukamwita Dereva tu. Jumamosi asubuhi alikuwa uani kwake anabadilisha oili ya gari lake la zamani, kama alivyofanya kwa mikono yake tangu alinunue. Mwanawe wa kwanza alipita kumsalimia, na katika maelezo yake alisema alimwacha baba yake mzima, amelala chini ya gari, ndiyo kwanza anafungua nati ya kumwagia oili. Adhuhuri binti alikuja na chakula. Akamkuta baba yake chini ya ngazi ya mlango wa nyuma, kichwa kimepasuka, bado anapumua. Gari lilikuwa kando yake, kazi imekwisha: filta mpya, oili mpya, boneti imefungwa, spana zimerudishwa ukutani. Binti alipiga kelele, fundi cherehani akatoka chumbani kwake akikimbia, wakasaidiana kumlaza mzee kiti cha nyuma. Binti akashika usukani. Hawakufika hospitali. Taa nyekundu ya oili iliwaka njiani, injini ikagongagonga, ikazima katikati ya barabara, na nyuma yao lami ilikuwa na mchirizi wa oili tangu getini. Walipopata gari jingine Dereva alikuwa ameshakata roho.

Daktari alikuta alama za kusukumwa kifuani. Basi hesabu ya polisi ikawa nyepesi. Kumwaga oili, kuiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho, kufunga na kujaza upya si kazi ya kupepesa macho. Kazi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mzee alisukumwa baada ya kuimaliza, wakati mwanawe ameshakwenda zake. Nani alibaki nyumbani? Fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amemfokea mzee kwa sababu oili chafu iliruka ikachafua gauni la mteja. Kesi nzima ilisimama juu ya nguzo hiyo moja, kwamba kazi ilikuwa imekwisha.

Mtaa nao uliongeza chumvi yake. Walisema mzee alikuwa amechoka, mikono haina nguvu, filta hakuikaza, na kumbe uzembe wake ndio uliomzuia kufika hospitali. Maneno hayo yalikuwa yamefika msibani, na waliofiwa waliyasikia.

Binti aliwapokea getini. Alikuwa mama wa watoto tayari, kanga mabegani, macho yamevimba. Kaka yake alikuwa uani, mtu mrefu wa kuvaa shati la kuchomekea hata siku za mapumziko, anafagia pasipo na takataka.

"Poleni sana," Inspekta akasema. "Najua mmetuchoka."

"Hatujawachoka, mama," kaka mtu akajibu. "Tunataka tu yaishe. Huyo bwana ahukumiwe, baba apumzike."

Gari lilikuwa palepale walipolirudisha kwa kuvutwa na kamba: refu, rangi ya maziwa iliyoanza kuwa ya chai, viti vya ngozi vilivyopasuka vikashonwa, vikapasuka tena. Kwenye kioo cha mbele kipande cha utepe mweupe kilikuwa bado kimefungwa, kimechakaa kwa jua.

"Anaitwa Bi Harusi," binti akasema alipoona Inspekta anautazama utepe. "Kila aliyeolewa mtaa huu alipanda humu. Mama yangu, mimi, majirani wote. Baba hakukubali gari jingine lichukue bibi harusi wa mtaa wake. Alikuwa anaosha tairi kwa mswaki."

Akatabasamu, kisha machozi yakamtoka bila kumuomba ruhusa. Inspekta akamshika mkono, akamwambia Koplo abaki na kaka mtu waandike upya saa za siku ile, yeye akaingia na binti kwenye banda la gari.

Banda lilinuka oili, na harufu hiyo ilimpeleka Inspekta mbali bila kutaka. Baba yake mwenyewe alikuwa na baiskeli tu, lakini kopo lake la oili lilinuka hivihivi Jumapili asubuhi, na aliposema "shika hapa", mtoto aliyeshika alijiona ameshika dunia. Akajikohoza, akarudi kazini.

Ukutani spana zilipangwa kwa ukubwa, kila moja na misumari yake. Rafuni palikuwa na faneli ya kumiminia oili, matambara yaliyokunjwa, na filta moja mpya ndani ya boksi. Dereva alikuwa na desturi ya kununua mbilimbili. Sakafuni karai la oili chafu lilikuwa halijaguswa tangu Jumamosi, na ndani yake filta ya zamani imesimamishwa kichwa chini, ichuruzike. Kando yake dumu tupu la oili mpya. Inspekta aliliinua kwa mara ya tatu tangu kesi ianze. Lilikuwa safi. Mikono ya marehemu ilikutwa nyeusi mpaka vifundoni.

"Baba yako alikuwa anafuta mikono kabla ya kushika dumu?"

"Alikuwa anafuta." Binti akasita. "Mama, naomba niseme kitu. Nilimwambia yule askari wa kwanza, akaniona nimechanganyikiwa kwa msiba. Watu wanasema baba alikosea filta. Baba hakukosea filta. Njoo uone."

Akampeleka nyuma ya mlango. Kwenye msumari mrefu zilining'inia pete za mpira mweusi, nyingi, zimebanana, za chini zimekakamaa na kupasuka, za juu bado laini.

"Hizi ni nini?"

"Bangili zangu."

Inspekta akasogea karibu.

"Filta ya oili mdomoni ina mpira wa duara, ndio unaozuia oili isivuje. Sasa Bi Harusi ana tabia yake. Ukifungua filta, mpira hautoki nayo. Joto linaugandisha, unabaki umeng'ang'ania injini. Lazima uingize kidole ndani, uzunguke, uubandue. Ukiusahau ukafunga filta mpya juu yake, inakuwa mipira miwili. Kwa macho utaona imekaa sawa, hata ukiwasha gari palepale haivuji. Lakini ukishaondoka, injini ikipata nguvu, inaitapika oili yote barabarani." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilipokuwa mdogo, baba akiubandua ananivisha mkononi. Ndiyo maana ananiita Bangili mpaka leo. Alikuwa ananiita. Nilipoolewa akaendelea kuziweka hapa. Nikija ananiambia, chukua bangili yako."

"Kwa hiyo hawezi kuusahau."

"Angesahau kula. Ule mpira aliutoa kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kufuta mkono. Sasa tazama huu wa juu kabisa." Akaugusa, kidole kikatoka na vumbi. "Huu ni wa mara iliyopita. Wa Jumamosi uko wapi?"

Inspekta akachuchumaa, akatoa tambara, akaigeuza filta ya zamani ndani ya karai. Mfereji wa mdomoni, unapokaa mpira, ulikuwa mtupu. Akamulika sakafu, chini ya rafu, pembeni, kwenye ndoo ya takataka. Hakuna mpira.

Hapo ndipo wali ulipoanza kunukia. Kama mpira haukuwa msumarini wala chini, ulikuwa bado kwenye injini. Na kama ulikuwa bado kwenye injini, aliyefungua filta ile si Dereva. Nguzo imeanguka: mzee alisukumwa kazi ikiwa katikati, na mtu mwingine akaimalizia. Kwa nini mtu aache majeruhi chini, aanze kujaza oili gari lisilo lake? Kwa sababu kazi iliyokwisha ingesema mzee alikaa mzima muda mrefu kuliko ilivyokuwa kweli. Ingemsaidia mtu mmoja tu, yule aliyesema aliondoka ndiyo kwanza nati inafunguliwa.

Inspekta alimtazama binti, akaona binti hajafika huko, na akamwonea huruma.

"Na kaka yako? Yeye bangili hakuvaa?"

Binti akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Kaka alikuwa Tochi. Baba alimbatiza jina hilo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumulika. Analala chini ya gari na baba, nati inafunguliwa, karai linawekwa, likijaa linaletwa huku bandani, yote anayajua. Filta ikitoka, baba anampa, anakimbia nayo huku ndani kuisimamisha karaini, anafungua boksi la filta mpya, anapaka mpira wake oili kwa kidole. Akirudi uani, mimi nimeshavaa bangili. Alikuwa ananuna huyo. Alidhani baba ananinunulia mimi vitu dukani halafu yeye hanunuliwi. Baba akanikonyeza, tusimwambie, siri yetu. Tukacheka naye miaka yote."

"Hakuwahi kuambiwa?"

"Tulikua, tukasahau. Na yeye gari lake linahudumiwa gereji. Hata hajali mambo haya siku hizi."

Siri ya mtungi aijuaye kata, Inspekta akawaza, na kata yenyewe haijui imesema nini.

Wakatoka uani. Kaka mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi, Koplo anaandika.

"Baba," Inspekta akamwambia kaka mtu kwa upole, "mimi magari siyajui. Alama za vidole kwenye filta hazipo, oili iliyovuja imeosha kila kitu, na mchana huu hakimu ataniuliza kazi hii inafanywaje. Naambiwa wewe uliifanya na marehemu tangu utoto. Nionyeshe. Filta ipo rafuni, mpya. Toa hii, weka ile, taratibu, kama mlivyokuwa mnafanya."

Alisita. Akamtazama dada yake, akatazama gari. "Kuna haja?"

"Kaka, fanya," dada mtu akasema. "Waone kwamba nyumba hii inajua kufunga filta."

Akakunja mikono ya shati. Akafungua boneti, na mara mtu wa shati la kuchomekea akatoweka, akabaki kijana wa uani. Kidole chake kilijua mahali pa kuegemeza boneti bila kutazama. Alitandika tambara chini ya filta, akaishika kwa kiganja kizima, akaizungusha kwa kukaza meno, ikalegea, akaitoa huku mdomo wake ameuinua juu isimwagike. Tone moja la oili ya rangi ya asali lilimdondokea kwenye saa ya mkononi, naye hakulijali.

"Baba alikuwa anasema filta usiikaze kwa spana," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mkono tu. Ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Ukitumia spana unaonyesha huiamini kazi yako."

"Alikuwa anapiga mluzi hapo," dada mtu akasema.

"Wimbo uleule. Hakuujua mwisho wake." Akacheka, na kwa kitambo kidogo walikuwa watoto wawili Jumamosi asubuhi, mama yao yuko jikoni, na hakuna aliyekufa. Inspekta aliiona furaha ile, ikamuuma kwamba yeye ndiye atakayeiharibu.

Akampa Koplo filta iliyotoka, mpira wake ungali mdomoni. Akafungua boksi, akachovya kidole kwenye oili, akapaka mpira wa filta mpya kwa mzunguko mmoja mzuri, bila kuruka mahali. Akainama, akaipeleka filta mpya kwenye nafasi yake, akaanza kuikamatisha.

Dada yake alikuwa amesogea mpaka ubavuni mwake. Pengine hata hakujua amesogea. Alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, kiganja chini, kifundo mbele, kama alivyounyoosha pale utoto mzima.

"Subiri," akasema. "Mpira kwanza."

Kaka akageuza kichwa. "Mpira gani?"

Koplo aliacha kuandika. Inspekta hakusogea, kwa kuwa alijua kuna maneno ambayo polisi akiyaingilia huyaharibu.

Binti aliushusha mkono polepole. Akamsogeza kaka yake kwa bega, akaitoa filta aliyokuwa anaifunga, akaingiza kidole cha shahada nyuma ya injini, akazunguka. Alipotoa mkono, kidoleni palikuwa na pete ya mpira, imebanwa ikawa bapa, upande mmoja umetoka nje na kuchanika pale oili ilipopita.

Kaka yake aliitazama pete ile kama mtu anayesoma jina lake ubaoni.

"Kumbe zilikuwa zinatoka humo," akasema.

"Baba," Inspekta akasema, "keti."

Hakuketi. Alishika ukingo wa gari, na maneno yakatoka yenyewe. "Nilikuja kuchukua ufunguo. Macho yake yalikuwa yamekwisha, mwezi uliopita aligonga nguzo ya geti akasema ni geti limesogea. Nikamwambia leo ndiyo mwisho kuendesha. Akatoka chini ya gari mikono imejaa oili, akaniambia siku Bi Harusi atakapolala na yeye atalala. Akanisukuma. Nikamsukuma. Kisogo kikafika kwenye ngazi. Nilimwita, hakuitika. Nikadhani amekwisha. Nikaogopa. Nikamalizia kazi, nikajiambia watajua nilimwacha mzima. Sikumfikiria mpangaji. Walipomkamata, ulimi ukawa mzito."

"Nati ilikuwa imeshafunguliwa?" Inspekta akauliza.

"Ilikuwa imefunguliwa, oili inamwagika. Filta niliitoa mimi. Nilifuta mikono, nikapaka oili, nikakaza kwa mkono, robo tatu, kama alivyonifundisha." Akamgeukia dada yake, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka mtu mzima yule. "Gari lilipokufia njiani, Bangili, tangu siku ile najiuliza. Kila nikifumba macho naifunga ile filta upya. Nilikosea wapi?"

Dada yake alikuwa anajaribu kuivaa pete ile, labda bila kujua. Ilikwama kwenye vifundo vya vidole. Mkono ulikuwa umekua.

"Alikuwa anapumua, kaka," akasema. "Ulikosea ulipokwenda kwenye filta kabla ya kumwinua baba."

Kaka mtu akainamisha kichwa.

Inspekta alimruhusu anawe mikono kwa sabuni bombani, Koplo amesimama nyuma yake, kisha wakamtia ndani ya gari la polisi bila pingu, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia. Aliita kituoni, akaagiza fundi cherehani atolewe na mtu amrudishe nyumbani, na jalada lisipelekwe kwa hakimu. Kisha akarudi uani na bahasha.

"Mwanangu, naomba hiyo. Ni kielelezo."

Binti akaivua kutoka vidoleni. Akaiweka ndani ya bahasha yeye mwenyewe, akaibana mdomo.

"Ikiisha kesi mtanirudishia?"

"Nitakuletea mwenyewe," Inspekta akasema.

"Iweke msumarini, juu ya zile nyingine," binti akasema. "Hata kama sipo." Akaifunga boneti ya Bi Harusi kwa mikono miwili, taratibu, kama baba yake, akaenda kuufungua mlango wa chumba cha mpangaji ili kiingie hewa kabla hajarudi.